Urafiki Uliogeuzwa Ngazi



Atembeaye katika vichochoro vya Mji Mkongwe baada ya sala ya isha hana haja ya kuuliza watu wanatazama nini. Madirisha yako wazi kwa sababu ya joto, na sauti ile ile humfuata toka Shangani hadi Mkunazini, na toka Mkunazini hadi Malindi: mwanamke analia, mwanamume anajitetea, muziki wa kutia hofu unapigwa, kisha linaingia tangazo la sabuni. Nyumba iwe ya Mwislamu au ya Mkristu, kilio ni hicho hicho. Nami nisijifanye malaika. Katika nyumba yetu ya mapadre imo televisheni, na yamekuwapo majioni ambayo mhariri wenu aliiacha kalamu mezani ili ajue kama yule bwana mwenye ndevu ameipata barua aliyoandikiwa.

Basi somo la juma hili si la kuilaani televisheni. Papa Pius wa XII, katika barua yake Miranda Prorsus ya mwaka 1957, alifundisha ya kwamba sinema, redio na televisheni, ingawa zimetokana na akili na juhudi za wanadamu, ni vipaji vya Mungu. Mtaguso wa Pili wa Vatikano nao ulitoa hati yake juu ya vyombo hivyo tarehe 4 Desemba 1963. Na sisi wa Unguja hatuwezi kusema kwamba kitu hiki ni kigeni kwetu, kwani Zanzibar ilikuwa na televisheni ya rangi tangu mwanzoni mwa miaka ya 1970, wakati ndugu zetu wa Bara walingoja mpaka mwaka 1994. Nataka kusema juu ya jambo moja tu, ambalo huenda wengi wataliona dogo: ya kwamba katika michezo hii ya kila jioni hakuna tena mwanamume na mwanamke wanaoachwa wawe marafiki, wakabaki marafiki.

Nilianza kulitafakari kwa sababu ya vijana wawili wa kwaya. Mmoja ni mvulana wa sauti ya nne, mwingine ni msichana wa sauti ya kwanza, wote wawili wakijitayarisha kwa mtihani wa kidato cha sita. Baada ya mazoezi walizoea kukaa barazani, mbele ya macho ya kila apitaye, wakifanya hesabu. Mvulana anajua hesabu vizuri, msichana anajua Kiingereza vizuri, nao wakapeana walichonacho. Kwa miezi kadhaa sikuona lolote ila daftari, kalamu, na ubishi mkali juu ya majibu. Kisha yakaanza maneno. Wenzao wakawaita kwa majina ya watu wawili wa tamthiliya. Mama mmoja wa parokia, mtu mwema kabisa, akaniambia akicheka, “Baba Padre, jitayarishe kufungisha ndoa.” Haukupita mwezi, msichana akanijia na kusema kwamba ameacha kusoma na mwenzake. Nikamwuliza kama amemkosea heshima. Akasema, “Hapana, Padre, hajanikosea kitu. Lakini watu wamekwisha kuutazama mwisho wetu kabla sisi hatujauanza.”

Hawakugombana wala kutenda dhambi. Urafiki wao uliuawa kwa sababu kila mtu aliyeuona alidhani anaijua hadithi yenyewe. Tuulize basi, hadithi hiyo waliisoma wapi?

Wazee wetu waliokuwa wakijaza Majestic pale Vuga, na Empire, na Sultana, waliletewa sinema za Kihindi ambazo ndani yake urafiki ulikuwa jambo kubwa, tena pengine kubwa kupita mapenzi. Katika Sangam, ya mwaka 1964, watoto watatu waliokua pamoja, wavulana wawili na msichana mmoja, wanafika utu uzima. Mmoja wa wavulana anayazika mapenzi yake kwa ajili ya rafiki yake, na mwishowe anajitoa uhai. Siwezi kuusifu mwisho huo, maana uhai si mali ya mtu autupe apendavyo. Lakini angalau mtazamaji alirudi nyumbani akijua kwamba rafiki ana thamani. Katika Sholay, ya mwaka 1975, majambazi wawili wanatiwa utu na urafiki wao. Angalieni lakini: urafiki uliosifiwa pale ulikuwa wa wanaume wawili. Mwanamke alipoingia, aliingia kama mpenzi. Hata yule msichana wa Sangam aliyecheza nao utotoni hakuachwa abaki mwenzao.

Mwaka 1989 ikaja Maine Pyar Kiya. Humo mtu mwenye nia mbaya anadai kwamba mvulana na msichana hawawezi kamwe kuwa marafiki. Sinema inamwonyesha kuwa mtu mwovu, na vijana wetu walimchukia. Lakini hadithi inaendeleaje? Vijana wawili wanaanza kwa urafiki, hata ipo kofia yenye neno la Kiingereza la kumwita mtu rafiki. Kisha wanapendana, wanateswa, wanaoana. Yaani sinema nzima inafanya kazi ya kuthibitisha maneno ya yule mwovu!

Miaka 9 baadaye, mwaka 1998, ikatoka Kuch Kuch Hota Hai, ambayo sijui kama ipo nyumba ya Mji Mkongwe isiyoijua. Msichana amesoma chuo pamoja na mvulana. Amevaa suruali kama wavulana, anacheza naye mpira wa kikapu, tena anamshinda. Huyo ni rafiki. Mvulana anamwoa mwingine, mke anafariki, miaka inapita, na yule rafiki wa zamani anaonekana tena. Safari hii amevaa sari, nywele zimekuwa ndefu, na katika mpira hashindi tena. Sasa ndipo anapopendwa. Niliicheka na kuililia kama watu wengine, nami siombi isamehewe wala ichomwe. Nawaomba tu akina baba wenye mabinti walitazame jambo lile la mpira. Binti alipokuwa rafiki alishinda. Alipokuwa mchumba, ilimpasa ashindwe.

Wamarekani nao hawakukaa nyuma. Mchezo wao uitwao Friends, maana yake Marafiki, uliendelea toka mwaka 1994 hadi 2004, misimu 10. Wapo wenzi sita, wanaume watatu na wanawake watatu. Kufika mwisho, wanne kati ya hao sita walikuwa wapenzi wao kwa wao. Jina lilibaki Marafiki.

Na sasa ni zamu ya Waturuki. Azam TV ilituletea kwa Kiswahili ile tamthiliya ya Sultani Suleiman, iliyotengenezwa Uturuki kati ya mwaka 2011 na 2014, na mama zetu wakawajua masuria wa Istanbul kuliko majirani zao. Ndani yake upo urafiki mmoja ulioelezwa kwa kina: wa Sultani na Ibrahim Pasha, waliokuwa pamoja tangu ujana. Nao ni wa kweli katika historia; Sultani alimpandisha Ibrahim hadi kuwa waziri mkuu mwaka 1523, na mwaka 1536 akaamuru anyongwe. Ndiyo kusema, katika soko hili urafiki una milango miwili tu ya kutokea: chumba cha arusi, au kamba ya mnyongaji.

Kwa nini watungaji wafanye hivyo? Si kwa sababu wote ni watu wabaya. Ni kazi yao inayowasukuma. Kule Uturuki sehemu moja ya tamthiliya huchukua saa 2 na zaidi, na huonyeshwa mara moja kwa juma. Ikiuzwa nchi za nje hukatwa vipande vifupi, na kila kipande sharti kiishe kwa swali, ili mtazamaji arudi kesho pamoja na tangazo la sabuni. Mtungaji amefanana na mpishi aliyepikia arusi ya siku moja, kisha akaambiwa wageni watakaa miezi sita. Akiisha kutumia wivu, na urithi, na mtoto aliyepotea, na ajali ya gari, hutupa macho mezani na kuwaona watu wawili ambao bado hawajapendana. Ni nani hao? Ni marafiki. Basi huwachukua hao. Swali la “Je, wataoana?” laweza kumweka mtu mbele ya kioo mwaka mzima. Swali la “Je, wataendelea kuaminiana?” ni gumu kulitengenezea muziki wa kutia hofu.

Hapa naona msomaji wangu mmoja ananiinulia mkono. Aniuliza, “Padre, je, wewe unataka watu waoane na wasiowajua?” La hasha. Mtakatifu Tomaso wa Akwino alifundisha kwamba kati ya mume na mke upo urafiki ulio mkubwa kupita mwingine, na Papa Fransisko alilikumbusha fundisho hilo katika waraka wake Amoris Laetitia wa mwaka 2016. Wachumba wanaonijia kwa mafundisho ya ndoa, wa kwanza ninaowahofia ni wale wasio na la kuzungumza. Urafiki ukizaa ndoa, ni heri, na mimi nitapiga kengele za Minara Miwili kwa furaha. Ninalolikataa ni kuufanya urafiki kuwa ngazi: kitu ambacho hakina thamani ila ya kupandia, na mtu akifika juu haitazami tena.

Tena yupo msomaji mwingine, na huyu ni mzito zaidi. Ni mzee wa mtaani kwetu, Mwislamu, jirani mwema, ambaye nilimweleza habari ya vijana wa kwaya. Akatikisa kichwa, akaniambia, “Moto na makuti havikai pamoja, Padre. Wangetenganishwa tangu mwanzo.” Simdharau. Desturi ya pwani ya kuweka staha kati ya waume na wake imezilinda nyumba nyingi, na padre anayekaa katika kitubio anajua vyema kwamba makuti hushika moto. Kwa hiyo nawaambia vijana wetu, barazani ni bora kuliko chumbani, mchana ni bora kuliko usiku, na simu yenye ujumbe unaofutwa kabla mama hajauona, hiyo si simu ya urafiki.

Lakini baada ya mzee kuondoka nilikaa nikifikiri. Mzee anasema mwanamume na mwanamke hawawezi kuwa marafiki, kwa hiyo watenganishwe. Tamthiliya inasema mwanamume na mwanamke hawawezi kuwa marafiki, kwa hiyo wakumbatiane. Mmoja anakataza na mwingine anashangilia, lakini imani yao ni moja! Wote wawili wanamtazama mtu na kuona ndani yake jambo moja tu. Sisi tunaofundisha kwamba kila mtu ameumbwa kwa sura ya Mungu, twaweza kweli kuridhika na hesabu hiyo?

Nayo hesabu hiyo ina gharama. Yuko mwanamke aliyefiwa na mume, na rafiki wa marehemu anataka kumsaidia kesi ya shamba. Haendi, kwa kuogopa maneno. Yuko mwalimu mwenye mke, anayefanya kazi vizuri pamoja na mwalimu mwenzake wa kike. Siku moja anajikuta anafurahi kumwona. Zamani angesema, “Namshukuru Mungu kwa mwenzangu mwema,” akaenda nyumbani kwake. Leo amefundishwa kwa miaka mingi kwamba furaha ya namna hiyo ina jina moja tu, na kwamba ni lazima ifuatwe mpaka mwisho wake. Hivyo kijito ambacho kingepita salama kinachimbiwa mfereji. Nimewasikia waliotumbukia, nao hawakuniambia kwamba walishindwa na tamaa kali. Waliniambia walidhani imekwisha kuandikwa. Na wako watu wasiooa wala kuolewa, ama kwa nadhiri, ama kwa ugonjwa, ama kwa kuwa hawakupata. Ikiwa urafiki ni ngazi ya ndoa tu, hao wanaishi na nini?

Hata maneno yetu yanachakaa. Mwanamke wa Unguja alikuwa na shoga yake, yaani mwanamke mwenziwe wa kumfungulia moyo; neno lile lile Bara limegeuzwa likawa tusi, na sasa wasichana wetu hapa wanalionea haya. Tulikuwa na sahibu, na mwandani, na msiri, kila neno na kina chake. Rafiki lenyewe, katika Kiarabu lilikotoka, ni mwenzi wa safari. Siku hizi kijana akisema “rafiki yangu wa kike”, wenzake wanakonyezana.

Wala tusidhani kwamba watungaji wanasimama mlangoni pa kanisa. Injili yatuambia kwamba Bwana wetu alikuwa na marafiki kule Betania, Martha na Maria na ndugu yao Lazaro, akaingia nyumbani mwao, akala, akalia kaburini. Yatuambia pia kwamba Maria Magdalena alimfuata, akasimama msalabani, akawa wa kwanza kutumwa kuwatangazia Mitume habari ya Ufufuko. Ndiyo maana mwaka 2016 Papa Fransisko aliiinua siku yake ikawa sikukuu kama zile za Mitume. Sinema ilimfanya nini? Katika mwaka 1988, na tena mwaka 2006, zilitengenezwa picha kubwa zilizomwonyesha kuwa mke wa Bwana, moja kwa njia ya ndoto na moja kwa njia ya siri iliyofichwa. Hawakuweza kuamini kwamba mwanamke anaweza kumfuata mtu mpaka kaburini kwa sababu nyingine.

Wazazi wataniuliza wafanye nini. Kuifungia televisheni kabatini hakufai, kwa kuwa mtoto anayo simu mfukoni. Afadhali kukaa naye na kutazama pamoja, na tangazo linapoingia kumwuliza swali moja: “Hawa wawili wangebaki marafiki, hadithi ingepotewa na nini?” Nimelijaribu swali hili katika Jumuiya Ndogo Ndogo mbili. Mahali pamoja walicheka tu. Mahali pa pili ulizuka ubishi uliodumu kupita rozari yenyewe, na baba mmoja, dereva wa daladala, akasema kwamba mtu aliyemwokoa katika deni lake ni mwanamke aliyesoma naye darasa la saba, na kwamba hajawahi kumtaja mbele ya watu kwa hofu ya kuchekwa. Mkewe alikuwapo, naye akasema, “Mimi namjua. Ndiye aliyenishonea gauni la ubatizo wa mtoto.”

Viongozi wa VIWAWA na wa wanafunzi wetu wa TYCS nao wasiogope kuwapa wavulana na wasichana kazi ya kufanya pamoja, kazi yenye jasho, yenye kuonekana na kila mtu. Urafiki hukua watu wanapotazama kitu kimoja mbele yao kuliko wanapotazamana. Wale wawili wa kwaya walikuwa wakitazama hesabu.

Na kwa vijana wetu wanaotunga sinema, wale wanaokwenda kila mwaka Ngome Kongwe kwenye tamasha la sinema lililoanza mwishoni mwa miaka ya 1990 wakitamani jina lao litajwe, ninayo hadithi ya kuwapa bure. Msimamizi wa televisheni mbinguni ni Mtakatifu Klara wa Asizi. Papa Pius wa XII alimtangaza mwaka 1958, kwa sababu usiku mmoja wa Noeli Klara alikuwa mgonjwa kitandani, hakuweza kwenda kusali na wenzake, naye akajaliwa kuiona na kuisikia ibada iliyokuwa ikifanyika mbali naye. Ni mwanamke huyu ambaye chombo chetu kimewekwa chini ya ulinzi wake, naye alikuwa rafiki wa mwanamume.

Klara alikuwa na umri wa miaka 18 hivi, binti wa watu wakubwa, alipotoroka nyumbani kwao usiku wa Dominika ya Matawi mwaka 1212. Fransisko alimpokea, akamkata nywele, na baadaye akamweka pamoja na wenzake katika kikanisa cha San Damiano. Akili za tamthiliya zingeanzia hapo, na kila mtazamaji angedhani anaujua mwisho. Lakini walibaki kila mmoja mahali pake, wakionana kwa nadra, kila mmoja akimtegemea mwenziwe katika sala na katika mashaka. Mwaka 1225 Fransisko alikuwa karibu kuwa kipofu, macho yakimwuma hata asiweze kustahimili mwanga. Alilazwa katika kibanda kando ya San Damiano, akihudumiwa pale. Ni katika kibanda kile, gizani, alipotunga wimbo wake wa kumsifu Mungu kwa ajili ya jua na viumbe vyote.

Alifariki jioni ya tarehe 3 Oktoba 1226. Kesho yake watu wa Asizi walimchukua kwenda kumzika mjini, wakiwa na matawi na nyimbo. Hawakwenda moja kwa moja. Walipitia San Damiano, wakasimama, na wavu wa chuma wa dirisha ambalo masista walizoea kupokelea Komunyo ukaondolewa, ili Klara amwone. Alimtazama, akalia pamoja na masista wake. Kisha wakamchukua, na dirisha likafungwa. Klara aliishi miaka 27 tena baada ya siku ile.